STI yako imeanza kugonga? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu noki ya beringi za konrodi

Ukurasa huu ni wa wenye Subaru Impreza WRX na STI zenye injini za EJ za turbo, yaani EJ20 ya cc 1994 na EJ25 ya cc 2457. Wenye Forester na Legacy za turbo nao karibuni, maana ndani ya bloki ni ukoo mmoja. Kama unasoma haya ukiwa umesimama kando ya barabara na bonneti iko wazi, soma swali la kwanza tu. Mengine utayasoma ukisubiri gari la kuvuta.

Injini imeanza kugonga nikiwa njiani. Nifanye nini?

Zima sasa hivi. Usisubiri kufika sheli iliyo mbele wala kumaliza mlima. Beringi ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki (shafti kuu ya injini), ikishaanza kulia, kila mzunguko wa krenki unakwangua chuma kwa chuma. Ukijikongoja dakika kumi kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, krenki imezunguka mara 30,000 bila beringi ya kuitegemea. Aliyezima mapema huenda akaokoa krenki. Aliyesema "nifike nyumbani tu" mara nyingi hufika akiwa na konrodi iliyotoboa bloki na oili imemwagika lami nzima, na hapo hakuna tena cha kutengeneza, kuna cha kuuza kwa kilo.

Pima oili ukiwa hapo hapo, gari likiwa sehemu tambarare. Ukikuta kijiti kikavu, jaza kama unataka, ila usiwashe ukaendelea na safari. Beringi iliyokwanguka haiponi kwa kuongezewa oili.

Jambo moja watu husahau wakiwa na haraka: gari hili linavuta kwa magurudumu manne. Lipandishwe lote juu ya lori. Likiinuliwa mbele likaburutwa kwa matairi ya nyuma, utafika gereji na ugonjwa wa pili kwenye difu ya kati.

Nitajuaje kama ni noki kweli?

Kwa sikio, na sikio linafundishika. Noki ya konrodi ni mlio mzito wa ndani, ngo-ngo-ngo, kama mtu anayegonga nondo kwa nyundo ndogo chumba cha pili. Unaenda sambamba na mizunguko: ukikanyaga mafuta unaharakisha, ukiachia unapungua. Mara nyingi haujitokezi sana gari likiwa sailensa, yaani likiunguruma bila kukanyaga mafuta. Pandisha taratibu mpaka mizunguko 2,500 au 3,000, ishikilie hapo, kisha achia kidogo mguu. Wakati ule mzigo unapoondoka kwenye pistoni ndipo mlio unapojianika. Na injini ikipata moto unazidi, kwa sababu oili imekuwa nyepesi na nafasi iliyoliwa haina cha kuijaza.

Sasa zile kelele zinazowakosesha watu usingizi bure. Pistoni kupiga ukuta wa silinda asubuhi injini ikiwa baridi, halafu kimya baada ya dakika chache: EJ nyingi zinafanya hivyo na zinaishi miaka. Tiki-tiki nyembamba, ya haraka, inayosikika juu kwenye hedi: hiyo ni valvu au nozeli za petroli, ambazo kwa kawaida zina kelele. Mlio wa kukereketa sekunde chache baada ya kuwasha, upande wa mbele: mwangalie kikaza mkanda wa taiming, na usimpuuze, kwa sababu mkanda ukiruka kwenye injini hii valvu zinakutana na pistoni. Manifoldi ya ekzosi iliyopasuka nayo hupiga taka-taka ikiwa baridi, ikipata moto inajiziba.

Halafu kuna lile bati la kukinga joto la ekzosi. Bolti zake zikioza linatetemeka na kutoa mlio wa kutisha kweli kweli. Nimeshapokea gari lililoletwa juu ya lori, mwenyewe kashauliza bei ya injini, kumbe ni bati. Tulilifunga kwa klipu ya chuma akaondoka akiendesha.

Kompyuta ya fundi itaonyesha tatizo?

Mara nyingi hapana. Mashine inasoma sensa, na kwenye beringi za konrodi hakuna sensa. Sensa ya noki iliyopo inasikiliza petroli inapolipuka vibaya ndani ya silinda, jambo jingine kabisa ingawa jina ni lile lile. Wakati mwingine inadanganyika na mlio wa beringi na kurudisha taiming nyuma, gari likawa zito, na fundi asiyejua akaanza kubadilisha plagi na koili mpaka pesa ya mwenye gari iishe.

Na taa nyekundu ya oili? Inawaka presha ikiwa imeshuka karibu na sifuri. Ukiiona ikiwaka ukiwa kwenye mwendo, beringi zimeshakula hasara.

Kuna njia ya kuhakikisha bila kushusha injini?

Zipo tatu, na zote ni rahisi kuliko watu wanavyodhani.

Ya kwanza, chomoa koili au plagi ya umeme ya nozeli, silinda moja baada ya nyingine, injini ikiunguruma. Ukigusa silinda yenye ugonjwa, mlipuko haupo tena wa kuisukuma pistoni, na mlio unapungua au kubadilika waziwazi. Umeshajua ni silinda gani. Fanya haraka, usiiache injini ikilia robo saa kwa ajili ya uchunguzi.

Ya pili ndiyo ninayoiamini kuliko zote: pasua filta ya oili. Usiipasue kwa msumeno, utaijaza vumbi la chuma ukajidanganya mwenyewe. Tumia kikata filta au mkasi wa bati. Toa ile karatasi iliyokunjwa, ikamue, itandaze juani kwenye kitambaa cheupe. Beringi iliyokufa inaacha vipande vyembamba vinavyometa kama magamba ya dagaa. Pitisha sumaku juu yake. Vikikataa kunasa, ni ngozi ya beringi. Vikinasa, kuna chuma kigumu kinacholika mahali pengine na lazima utafute. Rangi ya dhahabu au shaba inaweza kutoka kwenye turbo, au kwenye beringi za kampuni nyingine ambazo zina tabaka la shaba. Vumbi kidogo mno, la kuonekana kwa kulazimisha macho, ni la kawaida kwa injini iliyotembea.

Ya tatu ni kufunga geji halisi ya presha ya oili mahali pa swichi ya taa. Injini ikiwa na moto, kanuni ya mafundi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Ikiwa sailensa ina psi 5 na kwenye mizunguko 4,000 haivuki 25, usibishane na geji.

Inatoa moshi wa bluu na imepoteza nguvu, ila haigongi. Ni ugonjwa huu huu?

Hapana. Hiyo inanuka kama kingo za ringi za pistoni zimevunjika, ugonjwa unaojulikana sana kwenye EJ25 za turbo, na silinda ya 4 ndiyo huumia zaidi. Pima kompresheni silinda zote. Moja ikiwa chini mbali na wenzake, na ukifungua kifuniko cha oili kinapumua kwa vishindo, jibu umelipata.

Nini hasa kinaua beringi hizi?

Beringi ya konrodi haimgusi krenki. Kati yao kuna utando wa oili mwembamba kuliko unywele, na utando huo ndio unaobeba kazi yote. Chochote kinachoukata, hata kwa nusu sekunde, kinaua.

Muuaji wa kwanza ni mwenye gari asiyepima oili. Injini za EJ za turbo hunywa oili, nyingine kidogo, nyingine kama zinalipwa, na STI nyingi zilizoko barabarani hazina onyo la kiwango kwenye dashibodi. Injini nzima inabeba lita nne na kitu. Kati ya alama ya juu na ya chini kwenye kijiti ni kama lita moja, kwa hiyo ukifika alama ya chini umepoteza karibu robo ya oili yote. Sasa ongeza umbo la injini: silinda zimelala kushoto na kulia. Ukiingia kona ndefu kwa kasi, oili inakimbilia upande mmoja na kujazana kwenye hedi. Mwenye oili pungufu anayepanda Kitonga kwa mbwembwe, kona baada ya kona, turbo imejaa, anaiomba pampu inyonye hewa.

Muuaji wa pili amejificha ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Bomba la kunyonyea oili lina kiungio cha kuchomelea, na kwenye injini hizi kiungio hicho kinajulikana kwa kupasuka. Ufa hauonekani kwa nje, oili iko kamili kwenye kijiti, lakini pampu inavuta mchanganyiko wa oili na hewa. Bomba imara la kubadilishia lipo sokoni na bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya injini. Kama sampu imeshafunguliwa kwa sababu yoyote ile, libadili.

Wa tatu ni petroli na tamaa. STI ya soko la Japani ilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya kule, ambayo kwa kawaida ni oktani 98 hadi 100. Kwetu ukiomba petroli unapewa iliyopo. Oktani ikiwa ndogo, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, na mlipuko huo ni nyundo inayoshuka juu ya pistoni, konrodi, mpaka kwenye utando wa oili. Kompyuta inajitahidi kurudisha taiming, lakini ina kikomo. Halafu mtu anafunga kichuja hewa cha wazi na bomba kubwa la ekzosi, anapandisha presha ya turbo kwa kivalvu cha mkono, bila kupanga upya kompyuta. Sensa ya hewa inasoma uongo, petroli inapungua, gari linakimbia vizuri mwezi mmoja. Wa pili linagonga.

Kuna na la nne lisilosemwa sana: kukanyaga mafuta mpaka chini ukiwa gia ya sita kwa mizunguko 1,800. Turbo inasukuma, krenki inazunguka polepole, utando wa oili ni mwembamba. Punguza gia kwanza.

Fundi anasema atashusha sampu na kubadili beringi kwa chini, siku moja imeisha. Nimkubalie?

Mwulize ameshafungua Subaru ngapi. Kwenye injini iliyosimama wima, kama ya Altezza au Land Cruiser, hilo linawezekana: unalala chini, unatoa sampu, unafungua kofia za konrodi. Kwenye EJ krenki imebanwa katikati ya nusu mbili za bloki. Kuzifikia beringi inabidi injini itoke, hedi zitoke, pini za pistoni zitolewe kupitia matundu yake ya pembeni, ndipo bloki ipasuliwe mara mbili. Hakuna njia ya mkato. Anayekuahidi siku moja amefanya kazi kwenye magari mengine na anadhani haya ni ndugu zake.

Nifungue injini yangu, ninunue shotibloki mpya, au injini ya mtumba?

Inategemea umezima lini. Kama ulizima mapema na krenki ina michubuko midogo tu, kufungua kuna maana: beringi zote mpya, konrodi iliyogonga ipimwe umbo lake au itupwe, pampu ya oili mpya, bomba la kunyonyea jipya. Unajua kila kilichomo ndani, na hilo lina thamani yake.

Shotibloki, yaani bloki iliyofungwa tayari na krenki, konrodi na pistoni, ndiyo njia safi zaidi na ndiyo inayouma mfukoni zaidi. Unahamishia hedi zako juu yake.

Injini ya mtumba kutoka Japani ndiyo watu wengi huichukua, wakati mwingine ikiwa kwenye nusu gari la mbele pamoja na waya na kompyuta yake. Hiyo ya nusu gari ni bora, kwa sababu EJ207 ya Japani haikubali tu kuunganishwa na waya wa gari la soko jingine. Mtu ananunua injini nzuri halafu miezi mitatu anatafuta fundi umeme. Kabla ya kulipa, zungusha krenki kwa mkono, omba kupima kompresheni, fungua bolti ya sampu uchukue oili kidogo kwenye kikombe cheupe na uangalie juani. Muuzaji akikataa kikombe, nenda duka la pili. Bei sitaandika hapa. Zinabadilika kwa kila kontena.

Krenki inaweza kuchongwa?

Inaweza, na beringi za andasaizi ya 0.25 mm, yaani za krenki iliyopunguzwa, zipo. Tatizo ni kwamba krenki za STI zimegumishwa kwenye ngozi ya nje, na ngozi hiyo ni nyembamba. Ukichonga umeivua. Kwa gari la kwenda kazini taratibu, watu wengi wanaishi na krenki ya kuchongwa. Kwa gari la kukimbizwa mimi siichongi, natafuta nyingine.

Injini yangu ilifanyiwa ovahoo vizuri, ikanoki tena baada ya muda mfupi. Kwa nini?

Hili lilinikuta mwenyewe kabla sijaanza kufungua injini zangu. Nilipeleka gari kwenye gereji yenye sifa, wakaweka beringi mpya, krenki nyingine, gasketi zote. Kazi ilikuwa safi, nilisimama nikiangalia. Kilomita 900 baadaye, nikirudi kutoka Chalinze, ngo-ngo-ngo ileile.

Tulipofungua tulikuta beringi mpya zimechorwa mistari kama sahani ya santuri ya zamani. Kisha nikafungua kipoza oili, kile kidude cha duara kinachokaa kati ya filta na bloki, nikakitikisa juu ya gazeti. Vilianguka vipande vinavyometa, vya injini ya kwanza. Vilikuwa vimejificha kwenye vijia vyake, na vilipopata moto na presha vikatoka.

Beringi ikifa haifi peke yake, inasambaza mwili wake kila oili inapopita. Kipoza oili hakisafishiki, kibadili. Mabomba ya oili ya turbo yabadilishwe au yasafishwe mpaka yapitishe mwanga, na vichujio vidogo vilivyomo kwenye bolti zake za oili, kwa modeli zilizo navyo, vitolewe viangaliwe. Turbo yenyewe ipimwe. Ikiwa shafti inacheza, inaweza kuwa ndiyo iliyoanzisha yote. Hedi zifunguliwe na kuoshwa, vivalvu vya oili vya kamshafti navyo. Anayekupa bei ya ovahoo bila kutaja kipoza oili, mkumbushe.

Injini mpya inawashwaje mara ya kwanza?

Kata petroli kwanza, kwa kutoa fyuzi ya pampu au kuchomoa nozeli. Piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime au geji ipande. Ndipo urudishe petroli. Sekunde za kwanza za injini kavu zinaweza kufuta kazi ya wiki mbili. Oili ya kwanza imwage baada ya kilomita chache, kama 100 hivi, na filta uipasue uisome.

Oili gani, na kila baada ya kilomita ngapi?

Kwa joto la Dar, Mombasa au Dubai, 5W-40 sintetiki ya kuaminika. Kilomita 5,000 au miezi sita, chochote kitakachotangulia. Hivyo ndivyo hata Subaru wenyewe wanavyoelekeza kwa turbo huko Japani, na barabara zao hazina foleni ya Ubungo. Kati ya hapo, pima kila unapojaza petroli.

Dawa za kumimina kwenye oili za kutibu noki zinafanya kazi?

Hapana.

Naenda kuangalia STI ya mtumba. Nitaikamataje iliyofichwa?

Mwambie mwenye gari asiiwashe kabla hujafika, kisha gusa injini kwa mkono ukifika. Ikiwa ina moto, jiulize ilikuwa ikifanya nini. Toa kijiti cha oili uisikilize kwa vidole: oili nzito kama asali, 20W-50 iliyochanganywa na dawa ya kuongeza uzito, ndiyo blanketi maarufu la kufunika noki. Inanyamazisha mlio siku ya kuuza. Dawa yake ni muda. Endesha nusu saa nzima mpaka kila kitu kipate moto, zima redio, fungua vioo, kisha fanya lile jaribio la mizunguko 3,000 na kuachia mguu karibu na ukuta ili mlio ukurudie.

Cheti cha ukaguzi wa kuingiza gari nchini kinaangalia usalama wa barabarani, hakifungui injini. Karatasi ya mnada ya Japani nayo ni nzuri kwa bodi na kilomita. Daraja la 4 halijawahi kuzuia beringi kulia.

Kwa hiyo STI zote zinanoki?

Zingekuwa hivyo Colin McRae asingeshinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, wala Richard Burns mwaka 2000. Kweli zile zilikuwa za mashindano na zilifunguliwa mara kwa mara. Ila ninazo mbili za wateja zilizopita kilomita 200,000 bila kufunguliwa chini. Wenyewe wote wawili ni watu wazima, wana kitambaa cha kupimia oili kwenye mlango.

Sina uwezo wa kuitengeneza. Niiuze vipi?

Iuze kama gari lenye injini mbovu, useme hivyo kwenye tangazo, na piga hesabu ya vitu badala ya gari zima. Gia boksi ya gia sita ya STI, difu zake, breki za Brembo, hedi kama hazijaguswa, turbo kama iko hai: kila kimoja kina mtu anayekitafuta Nairobi, Dar au Kampala. Mara nyingi vikiuzwa mbalimbali vinazidi bei ambayo madalali watakupa kwa gari lililosimama. Usiiwashe tena kuwaonyesha wateja jinsi inavyogonga. Warekodie mara moja kwa simu, kisha toa nyaya za betri.